Bwana wa Nyumba Atakaporudi

Masomo: Mathayo 24:36–51 na Mathayo 25

Huenda wewe u jikoni unawasha moto, au umeketi na jamaa yako baada ya kazi za mchana. Popote ulipo, karibu tulitafakari Neno la Mungu pamoja.

Miaka michache iliyopita, baada ya ibada ya Jumapili, mama mmoja alinijia mlangoni mwa kanisa. Alikuwa amehudhuria mkutano wa nje sokoni kwao, na mhubiri wa mkutano ule alikuwa ametaja mwaka ambao Bwana atarudi. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mchungaji, ikiwa Bwana yuaja mwaka ujao, je, yanifaa nini kulipa karo ya kijana wangu?” Nami nilikuwa na haraka, watu wangali wakipanga mstari kunisalimu. Nikamjibu, “Mama, siku ile haijulikani na mtu,” nikampa mkono, nikamgeukia mwingine. Muhula uliofuata nilisikia kwamba kijana yule yuko nyumbani, achunga mbuzi.

Ndugu zangu, jibu langu lilikuwa la kweli, lakini halikumsaidia yule mama. Tangu siku ile nimejiuliza: unabii wa hukumu ya mwisho tulipewa kwa kusudi gani? Ili tupate kujibu, nataka niwasimulie habari za mwaka mmoja, mwaka wa 1844, na habari za watu wawili waliomngoja Bwana mmoja.

Wa kwanza ni mkulima wa Marekani aliyeitwa William Miller. Alizaliwa mwaka wa 1782, akakulia Low Hampton, katika jimbo la New York. Katika ujana wake aliiacha imani ya wazazi wake, akasema kwamba Mungu aliuumba ulimwengu kisha akauacha ujiendeshe wenyewe, kama fundi atiaye saa ufunguo na kwenda zake. Mwaka wa 1814 alikuwa kapteni katika vita vya Plattsburgh, na akaona jeshi dogo la kwao likilishinda jeshi kubwa la Waingereza. Jambo lile lilimtikisa. Akaanza kufikiri kwamba huenda Mungu hajauacha ulimwengu. Mwaka wa 1816 alimgeukia Kristo kwa moyo wote.

Rafiki zake wa zamani walimdhihaki, wakimwambia kwamba Biblia imejaa mambo yasiyoeleweka. Basi Miller akaazimia kuisoma tangu Mwanzo, mstari kwa mstari, akiwa na kitabu cha Cruden cha kutafutia maneno ya Biblia. Hakuwa mtu wa mchezo, wala hakuwa mdanganyifu. Wapendwa, tusianze kumcheka. Wangapi kati yetu wameisoma Biblia hivyo?

Alipofika kitabu cha Danieli, sura ya 8, mstari wa 14, alikuta habari za jioni na asubuhi 2,300, ambazo baada yake patakatifu patatakaswa. Miller akafuata desturi ya wafasiri wengi waliomtangulia, ya kuhesabu siku moja ya unabii kuwa mwaka mmoja, wakitegemea Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Akachukua mwanzo wa hesabu kuwa mwaka wa 457 kabla ya Kristo, kwa ajili ya ile amri ya mfalme Artashasta tunayoisoma katika Ezra sura ya 7. Akatoa 457 katika 2,300, akapata 1843. Na kwa kuwa alidhani patakatifu maana yake ni dunia hii, itakayotakaswa kwa moto Bwana atakapokuja, akakata shauri mwaka wa 1818 kwamba imebaki miaka kama 25 tu.

Alikaa na jambo hilo moyoni, akilipima tena na tena. Ilikuwa mwaka wa 1831 alipohubiri mara ya kwanza, na mwaka wa 1833 Wabaptisti walimpa kibali cha kuhubiri. Kisha mchungaji mmoja wa mji wa Boston, Joshua Himes, akaanzisha gazeti mwaka wa 1840 la kuyaeneza mafundisho yale. Ikawa mikutano ya mahemani, chati kubwa zenye picha za wanyama wa Danieli na Ufunuo, na vijarida vilivyotawanywa kila mahali.

Na mambo ya siku zile yalisaidia. Usiku wa Novemba 13, 1833, vimondo vilianguka kama mvua katika anga la Amerika. Mwaka wa 1837 biashara ikaporomoka, benki zikafunga milango, watu wakakosa kazi. Mapema mwaka wa 1843 ikaonekana nyota kubwa yenye mkia, hata mchana ikaonekana. Mtu mwenye hofu akitazama juu na kuona hayo, kisha akasikia hesabu iliyopangwa vizuri, ni rahisi kuamini. Wafuasi wa Miller hukadiriwa kuwa 50,000 au zaidi.

Miller hakupenda kutaja siku. Aliposukumwa, alisema Bwana atakuja kati ya Machi 21, 1843 na Machi 21, 1844. Siku hiyo ya mwisho ikafika, ikapita. Miller akakiri waziwazi kwamba alikosea katika kuhesabu, ingawa aliendelea kuamini kwamba Bwana yu karibu. Laiti mambo yangaliishia hapo! Lakini Agosti 1844, katika mkutano wa mahema huko Exeter, New Hampshire, mhubiri aliyeitwa Samuel Snow alieleza hesabu mpya. Kwanza, hakuna mwaka wa sifuri kati ya miaka ya kabla ya Kristo na ile ya baada yake, kwa hiyo mwaka wenyewe ni 1844. Pili, Siku ya Upatanisho ya Walawi 16 huangukia siku ya kumi ya mwezi wa saba; na kwa kalenda aliyoitumia, siku hiyo ilikuwa Oktoba 22. Ujumbe huo wakauita kelele ya usiku wa manane, kwa kufuata mfano wa wanawali kumi. Miller mwenyewe alisitasita, hata mwanzo wa Oktoba ndipo akakubali.

Wapendwa, hebu wazieni siku zile. Wakulima wengine waliacha viazi vyao ardhini bila kuvichimba, kwa kuwa kuvuna ni kukiri kwamba kutakuwa na majira ya baridi. Wenye maduka wengine wakafunga. Watu wakalipa madeni, wakaungama dhambi, wakapatana na adui zao; mambo hayo ni mema, nasi hatuyadharau. Habari ya kwamba walivaa kanzu nyeupe na kupanda juu ya paa, wachunguzi hawakuipata kuwa na ushahidi wa kutosha. Ni dhihaka ya watu wa nje. Jumanne ile ya Oktoba 22 walikaa majumbani na katika mahali pa ibada, wakiimba na kuomba. Jua likatua. Ikafika saa sita ya usiku. Wakalia mpaka alfajiri. Ndiyo maana historia imeiita siku ile Sikitiko Kuu.

Asubuhi walipotoka, ulimwengu ulikuwa pale pale. Ng'ombe walitaka kukamuliwa. Viazi vilikuwa ardhini. Majirani walikuwa njiani wakicheka, wakiuliza, “Je, hamjapaa bado?”

Wengine waliiacha imani kabisa. Wengine wakaitafuta maana mpya ya siku ile, na kutokana na hao likaundwa mwaka wa 1863 Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo wamisionari wake walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Hatukubaliani nao katika kila jambo, lakini wale waliotibiwa na kufundishwa na majirani wetu hao wanajua kwamba watu wale walijifunza kulima shamba huku wakimngoja Bwana. Naye Miller alitengwa na kanisa lake la Kibaptisti. Mwaka wa 1848 alijenga kanisa dogo karibu na nyumba yake, na macho yake yakaanza kufifia. Alikufa Desemba 20, 1849, akiwa angali anamtazamia Bwana.

Sasa nataka tuvuke bahari, tuje kwetu. Maana katika mwaka uo huo wa 1844 alifika Mombasa mtu wa pili wa habari zetu, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS. Sisi Waanglikana wa Kenya twamjua. Lakini huenda wengi hatujui kwamba Krapf naye alitoka katika nchi ya wahesabu siku. Alizaliwa Württemberg, ambako mwalimu mkuu wa Biblia, Johann Albrecht Bengel, aliyekufa mwaka wa 1752, alikuwa amehesabu kitabu cha Ufunuo na kuutaja mwaka wa 1836 kuwa mwaka wa mageuzi makuu. Mwaka ule ukapita kama ulivyopita ule wa Miller. Krapf alikuwa kijana wa miaka 26.

Basi alifanya nini huku pwani? Mwezi wa Juni 1844, kabla hajamaliza hata miezi miwili ya kukaa Mombasa, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai mkewe, Rosine, akajifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa. Siku chache baadaye kitoto kile nacho kikafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa iyo hiyo. Akawazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema, “Bwana, njoo sasa, nimechoka,” ni yeye.

Siku ile ya Oktoba 22, wakati maelfu walipokuwa wakitazama mbinguni kule Marekani, Krapf alikuwa mjane wa miezi mitatu katika mji wa ugenini, na mbele yake lugha ya kujifunza. Akaendelea. Mwaka wa 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha misheni ya Rabai. Mwaka wa 1850 akachapisha sarufi ya Kiswahili. Mavuno yalikuwa haba mno: Mringe, mtu mlemavu, alibatizwa mwaka wa 1851, naye alikuwa mgonjwa karibu na kufa. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja uliotangulia. Nasi leo tunalisikia Neno kwa Kiswahili, na jembe la kwanza la shamba hilo katika siku zetu za karibu lilipigwa na mtu yule mwenye makaburi mawili.

Sisemi kwamba Krapf alikuwa malaika na Miller mpotevu. Wote wawili walimpenda Bwana. Lakini twaweza kuuliza: imani katika kuja kwake iliwafanya watu wafanye nini na kazi ya siku ile?

Hapa yatupasa kufungua Mathayo 24 na 25 na kuzisoma sura zote mbili bila kukatiza. Wahubiri wa 1844 walichukua kelele ya usiku wa manane kutoka mstari wa 6 wa sura ya 25. Lakini tazameni yaliyouzunguka mstari huo. Kabla yake kuna mtumwa aliyewekwa awape wenziwe chakula kwa wakati wake, na Bwana asema heri mtumwa yule ambaye bwana wake akija atamkuta akifanya hivyo. Baada yake kuna watumwa waliopewa talanta. Yule aliyeificha ardhini ndiye aliyehukumiwa. Na mwisho kuna kiti cha utukufu, na mataifa yote mbele yake. Mfalme yule hamwulizi mtu hata mmoja kama alijua tarehe. Awauliza habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo moyo wangu unapochomwa. Kwa maana katika Kaunti ya Kilifi, kaunti ile ile iliyo na Rabai ya Krapf, uko msitu wa Shakahola. Aprili 2023 dunia nzima ilisikia habari zake. Watu walikuwa wameacha kazi na nyumba zao, wamewatoa watoto shuleni, wakaingia msituni kufunga chakula ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika makaburi yale. Wengi walikufa kwa njaa, na uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengine, wakiwamo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi.

Fikirini jambo hili kwa makini. Watu walijitayarisha kukutana na Hakimu ambaye swali lake la kwanza ni, “Mwenye njaa ulimpa chakula?” nao wakajitayarisha kwa kumnyima mtoto chakula! Hakuna kosa kubwa kuliko hilo katika kuisoma Biblia. Na halikutokea mara moja tu. Nchini Uganda, huko Kanungu, Machi 17, 2000, mamia waliangamia kanisani kwa moto, baada ya viongozi wao kuwatangazia mwisho wa dunia na mwisho wenyewe kukosa kutokea. Miller, mwisho ulipokosa kutokea, alisema, nimekosea. Basi mkiona kiongozi asiyeweza kusema neno hilo moja, kimbieni.

Lakini nisiwanyoshee wengine kidole. Kuna mtumwa wa pili katika Mathayo 24, yule asemaye moyoni kwamba bwana wake anakawia, ndipo aanza kuwapiga wajoli wake na kula na kunywa na walevi. Huyo hakuhesabu siku hata kidogo. Huyo ni sisi. Kila Jumapili twasimama na kukiri kwamba Kristo atarudi kuwa Hakimu wa walio hai na waliokufa, kisha twaketi, na Jumatatu twasogeza mpaka wa shamba la mjane. Twala fedha za harambee. Twamcheleweshea kibarua mshahara wake. Majuma manne ya Adventi yaja na kupita kila mwaka, na wengi wetu wachungaji twahubiri habari za Krismasi tu, kwa sababu mahubiri ya hukumu hayapendezi watu. Basi watu wakiwa na hofu na maswali, nasi tumenyamaza, waende wapi? Waenda sokoni kwa mwenye kipaza sauti. Waenda msituni.

Mtume Paulo aliyajua makosa yote mawili. Wakristo wa Thesalonike walipoambiwa kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, wengine waliacha kazi na kujishughulisha na mambo ya watu wengine. Paulo hakuwaambia kwamba Bwana haji. Aliwaambia wasifadhaike upesi, na katika sura ya 3 ya waraka wa pili akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu, wale chakula chao wenyewe, wala wasichoke katika kutenda mema. Kwa Paulo, tumaini la kuja kwake Bwana na jembe la asubuhi havikugombana.

Sasa nirudi kwa yule mama. Niliposikia habari za kijana, niliona haya. Nikaenda nyumbani kwao siku ya Jumatano, nikaketi kwenye kigoda chini ya mwembe, nikamwambia, “Mama, nilikujibu kwa haraka. Nisamehe.” Tukafungua sura zile mbili, yeye akisoma mstari na mimi mstari. Tulipofika kwa mtumwa aliyewekwa kuwapa wenziwe chakula kwa wakati wake, akanyamaza. Kisha akasema, “Kumbe Mchungaji, aliyewekwa hapa ni mimi.” Nikamwambia, “Ndiyo, mama. Na mimi kule kwangu.” Kijana alirudi darasani muhula uliofuata, nyuma ya wenzake kwa mihula miwili.

Ndugu msikilizaji, Bwana atakuja. Usimruhusu mtu akuondolee tumaini hilo kwa kicheko, wala asiligeuze kuwa hofu ya kukunyang'anya shamba lako, watoto wako na akili zako. Ukiulizwa atakuja lini, sema kwamba Baba anajua, nasi twamwamini Baba. Ukiulizwa utakuwa wapi akija, mwonyeshe mtu kazi uliyopewa: huyu mtoto wa kulisha, huyu mgonjwa wa kutazamwa, deni hili la kulipa, jirani huyu wa kupatana naye. Kama ni leo jioni, vema. Kama ni baada ya wajukuu wa wajukuu wetu, vema pia.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, Hakimu wetu na Mwokozi wetu, wakumbuke waliofiwa katika msitu wa Shakahola. Utusamehe sisi wachungaji tulionyamaza tulipopaswa kusema. Uwafungue waliofungwa na hofu ya siku, na utuamshe sisi tuliolala kwa kudhani wakawia. Siku utakapobisha mlango, utukute tukiwagawia wenzetu chakula. Amina.

Mungu awabariki nyote, na kwa mapenzi yake tutasikilizana tena.